Kona ya Mlevi

Watoto wa shule ndio walionibandika jina la Mama Kipaza. Sikulikataa, maana jina la watoto ukilikataa ndio umeligonga muhuri. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nasimama mbele ya boti, kipaza sauti mkononi, nikiwafundisha watoto wa darasa la tano na la sita habari za mto wao: nani alikaa kando yake, nani alivuka, samaki gani wamepungua na kwa nini. Boti ina viti arobaini na vichache, paa la turubai, meza ndefu ya kuwekea ndoo na sahani nyeupe za kuchunguzia wadudu wa majini, na injini yenye mdomo kuliko mimi.

Anayeiendesha ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Hukaa nyuma kabisa, jirani na injini, vizibo vya masikio vimemkaa kama vikombe vya chai, na kwa siku nzima maneno yake hayafiki kumi. Mimi humwambia ana sura ya samaki aliyerudishwa kutoka sokoni. Yeye hujibu kwamba Mungu hakukosea, alimnyima yeye maneno ili mimi nipewe yangu na yake. Ndivyo tunavyoishi tangu dada atutoke, tunataniana, na kazi inakwenda.

Kazi yenyewe naijua, naipenda, na nitakwambia ukweli, naionea wivu. Mtu akija kunifundisha namna ya kuifanya, damu inanichemka. Nimejipangia utaratibu wangu mwenyewe. Kila mtoto akipanda hupewa jaketi la kujiokolea, penseli na daftari, na kila ukurasa wa daftari nimeugawa kwa mstari katikati. Kushoto imeandikwa "Nilichoona". Kulia imeandikwa "Ninachodhani". Mtoto akiniandikia kushoto kwamba ameona ndege mwenye njaa, namrudishia. Njaa umeionaje, wewe? Umeona ndege ameinamisha shingo juu ya maji. Njaa yake ipeleke kulia, huko kwenye dhana. Kwa jambo hilo sina mchezo, na kalamu yangu nyekundu haimwonei mtu haya. Walimu wakuu wamenisifu kwa mstari huo mpaka nikaota pembe.

Sasa, nusu saa kutoka gatini, baada ya mtambo wa maji na magofu ya kiwanda cha matofali, mto unakunja kona kubwa. Watu wa huku wote wanaiita Kona ya Mlevi. Zamani, kabla ya daraja, palikuwa na kivuko cha mbao hapo, cha kusukumwa kwa mti mrefu. Siku moja ya soko kikazama. Abiria saba walikufa, na wa nane alikuwa mwenye kivuko mwenyewe, ambaye mwili wake haukuonekana mpaka leo. Habari hiyo niliipata kwa baba yangu. Alikuwa karani kijana pale mtambo wa maji, na siku hiyo alisimama ukingoni akaona kwa macho yake kivuko kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, kinakwenda tena kushoto, kisha kinapinduka. Mwenye kivuko alikuwa chakari, alituambia baba, na baba yangu hakuwa mtu wa uongo.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nachumia sifa. Tukifika konani nageuka mlevi. Nalegeza magoti, napepesuka kushoto, napepesuka kulia, nasema kwenye kipaza kwa ulimi mzito kwamba abiria wangu wasiwe na wasiwasi, njia naijua. Boti nayo inanisaidia, maana pale huwa inayumba. Watoto wanacheka mpaka wanashika matumbo. Wakishacheka nawakunjia uso, nawaambia watu wanane walikufa kwa sababu ya chupa. Walimu wanaafiki kwa vichwa. Historia na maadili kwa mpigo mmoja, nani hapendi? Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika.

Mwaka huu, muhula wa pili, likaja darasa la sita la shule iliyo karibu na soko. Mwalimu wao ni dada mmoja mrefu, mpole, watoto wanamwita Madamu. Kati ya watoto wake palikuwa na msichana aliyechomeka kalamu ya wino nyuma ya sikio, juu ya penseli niliyompa, kwa hiyo nikamwita Kalamu. Nilimpenda upesi. Alikuwa wa kwanza kuliona buu la kereng'ende kwenye sahani, na nilipouliza lina maana gani kwa hali ya maji hakurukia jibu. Aliuliza kwanza kama wadudu hao wanapatikana pia kwenye maji machafu. Swali hilo hata walimu hawaniulizi.

Tukafika konani, nikafanya mambo yangu. Darasa zima meno nje, isipokuwa Kalamu, ambaye alikuwa anageuka nyuma kumtazama shemeji, halafu anaandika, halafu anageuka tena. Ndipo sauti ikatoka viti vya mbele kwamba huyo mlevi ni wa kwao Kalamu, ni baba wa bibi yake, mtaa mzima unajua. Kicheko kikapanda upya. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi kicheko kilikuwa kimenipanda kichwani.

"Historia haina undugu, mwanangu," nikasema, na nilisema kwenye kipaza. "Kama ni mzee wenu, basi wewe ndiye wa kwanza kujifunza."

Kalamu hakulia. Alifunga daftari, akaliweka chini ya mapaja, akakaa hivyo mpaka gatini. Watoto wakashuka wawili wawili, na yeye akashuka peke yake nyuma yao. Niliona, nikaendelea kukusanya madaftari.

Ofisi yetu ni chumba kimoja pale gatini. Kina meza, kabati la chupa za wadudu, ramani ya mto niliyoichora mwenyewe, na dirisha ambalo halijawahi kufungika. Kesho yake asubuhi nikakaa kusahihisha. Daftari la Kalamu lilikuwa safi, nikawa nagawa alama kwa furaha, mpaka nikafika ukurasa wa kona. Chini ya "Nilichoona" alikuwa ameandika: "Boti yetu imekwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Dereva wetu hajalewa." Chini ya "Ninachodhani" hakuandika chochote.

Ningependa kukwambia kwamba nilishtuka hapo hapo. Sikushtuka, nilikasirika. Niliona mtoto ananijibu, tena kwa maandishi, tena kwenye daftari langu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Hukuulizwa habari za dereva. Sikiliza somo." Nikampa tano kwa kumi, nikanywa chai yangu. Nyani haoni kundule, na asubuhi ile nilikuwa nyani mwenye miwani.

Wiki tatu baadaye, Jumanne mchana, Madamu akaja peke yake. Alikataa kiti. Alisema Kalamu hajaonekana shuleni siku ya kumi na mbili sasa. Darasani wanamwita Mlevi. Akipita wanalegeza magoti, wanapepesuka, wanaongea kwa ulimi mzito. Wananiiga mimi vizuri sana, akaongeza, na hakunitazama aliposema hivyo. Amewaadhibu, amewabembeleza, wapi. Bibi yake, ambaye ndiye anayemlea, ameona bora ampeleke kwa shangazi yake mji wa mbali. Huyo shangazi ana watoto watano wadogo na hakuna aliyezungumzia shule. Madamu anajua safari za namna hiyo zinavyoishia: mtoto anakwenda kusoma, anaishia kubeba watoto wa wenzake mgongoni. Jumamosi ndiyo wanampandisha basi.

Nikajitetea, ningefanya nini tena? Nikasema watoto wa siku hizi wepesi kama karatasi. Nikasema kweli ni kweli hata ikiuma, na baba yangu aliona kwa macho yake. Madamu hakubishana. Akatoa daftari la Kalamu mkobani, lile nililolirudisha na wino wangu mwekundu, akalifungua kwenye ukurasa wa kona, akaliweka mezani na kusema mtoto amelikataa. Kisha akaaga.

Nikabaki nalo. Nikalisoma, nikalisoma tena, na hasira ikanipanda zaidi kwa sababu sikujua naielekeza kwa nani. Nikatoka nje nikitafuta mtu wa kumgombeza, na shemeji ndiye aliyekuwa karibu, amepiga magoti anasafisha chujio la mafuta. Nikamsimamia kichwani nikamuuliza kwa nini pale konani huwa anayumbisha boti. Akavua vizibo, nikauliza mara ya pili.

"Siyumbishi," akasema. "Nafuata maji. Pale chini kuna mafungu matatu ya mchanga yamepishana. Upite au uvuke, lazima ujipinde. Ukinyoosha umekwama. Na mvua ikinyesha huko juu mchanga unahama, unaanza kuutafuta mkondo upya."

"Tangu lini?"

"Tangu mto."

Nikamuuliza kwa nini miaka kumi na miwili hajaniambia. Akanishangaa kweli. Yeye akiwa kazini anasikia injini tu, akasema, hajawahi kusikia neno langu hata moja pale. Anachoona ni mimi nakata viuno huko mbele na watoto wanacheka, akadhani nacheza kwa sababu boti inayumba. Kisha akaendelea na chujio lake.

Nikakaa juu ya kreti. Aibu ikanishika, ile aibu ya kweli inayoanzia miguuni na kupanda. Baba yangu aliona chombo kinakwenda kushoto na kulia, na hapo hakukosea hata kidogo. Ulevi hakuuona, angeuonaje kutoka ukingoni? Ulevi aliudhani. Na mimi, mwenye mstari wangu katikati ya ukurasa, mimi ninayemrudishia mtoto daftari kwa ajili ya njaa ya ndege, sikuwahi kuuchora mstari huo katikati ya maneno ya baba yangu. Ndege nimemtendea haki. Binadamu mwenzangu, tena marehemu, nimemfanya mchezo wa kuchekesha. Niliogopa pia, nisiseme uongo. Nikimsafisha yule mzee, baba yangu anabaki nani? Nililia kidogo, shemeji akajifanya haoni, Mungu ambariki.

Jumatano nikamfuata Madamu, akanipeleka kwa bibi yake Kalamu. Bibi huyo alikuwa mfuaji wa hospitali kwa miaka thelathini, na vyumba vyake viwili vilinukia pasi na sabuni. Kila kitu kimekunjwa, hata magunia. Karibu na mlango palikuwa na begi la mtoto, limefungwa kamba tayari. Kalamu mwenyewe alinisalimia kwa adabu zote, akaingia chumba cha pili, akaacha mlango wazi kidogo.

Nikaeleza yote. Mafungu ya mchanga, baba yangu, ujinga wangu. Bibi alinisikiliza huku anakunja foronya, anaikunjua, anaikunja tena. Nilipomaliza hakufurahi wala hakukasirika.

"Baba yangu alikuwa anakunywa," akasema. "Sitakudanganya. Alikunywa Jumamosi, Jumapili akalala, Jumatatu akawa mtu. Siku ile ilikuwa Jumanne."

Soko letu ni Jumanne tangu enzi. Miaka yote nimekuwa nikitangaza kwenye kipaza kwamba ilikuwa siku ya soko, na sikuwahi kujiuliza kama kwa yule mzee hiyo ilikuwa siku ya kunywa au ya kazi.

Kisha akanisimulia, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya zamani. Mama yake alikuwamo kivukoni na akaokoka. Mvua zilikuwa zimenyesha sana huko juu wiki ile, na mumewe alikuwa anautafuta mkondo kwa mti wake, anachoma huku, anachoma kule. Chombo kikagusa mchanga. Mbuzi wakateleza, watu wakaingiwa na hofu, wakakimbilia wote upande mmoja. Basi. Mama yake aliyasema hayo kwa kila mtu, na kila mtu akamjibu kwamba mke atasema nini. Mwisho akanyamaza. Bibi alikuwa na miaka tisa. Amekua, ameolewa, amezika mume, ana miaka sabini na mitatu, na tangu siku ile hajasikia mtu akimtaja baba yake isipokuwa kwa kumcheka. Mtoni hajashuka tena. Akipita darajani anatazama mbele.

Nikamwomba radhi. Mimi kuomba radhi ni kazi nzito kuliko kusukuma boti, lakini nilijikaza, nikaomba mpaka machozi yakanitoka. Bibi akaiweka foronya juu ya nyingine.

"Ulimtukana mtoni, kwa kipaza, mbele ya watoto arobaini," akasema. "Radhi unaniletea chumbani, kwa sauti ya chini. Ipeleke huko ulikomtukania."

Nikamuuliza kama nikifanya hivyo mtoto atabaki. Akasema nianze mimi, yeye atajua akishasikia. Kwa hiyo nikaondoka bila ahadi, na begi likabaki pale pale mlangoni.

Ijumaa asubuhi tukaondoka. Madamu alimaliza mambo yote na mwalimu mkuu, darasa zima likaja, na mwisho kabisa akaja Bibi, amemshika Kalamu mkono, au Kalamu amemshika yeye. Ukingoni mwa gati Bibi akasimama. Alitazama pengo dogo la maji kati ya gati na boti kama mtu anayeangalia shimo la choo. Nilitaka kusema kitu, mdomo wangu haujui kukaa, lakini shemeji akanitangulia. Akavua vizibo, akaja mbele, akampa mkono.

"Mama, nitakwenda polepole," akasema. "Kila tutakapopinda nitakuambia kabla."

Nikahesabu. Maneno saba, na siku ndiyo kwanza inaanza. Bibi akampa mkono, akapanda, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu naye. Kalamu akakaa ubavuni mwa bibi yake, macho yake magotini, na watoto wengine wakawa wanageuka kuwatazama na kunong'onezana. Mmoja akalegeza shingo kwa kuigiza, Madamu akamtolea jicho, akaacha.

Njia nzima sikusimulia sana. Nilionyesha ndege mdiria kwenye matete, nikataja kiwanda cha matofali, basi. Tulipoikaribia kona shemeji akapunguza mwendo mpaka injini ikawa inakohoa tu, nami nikagawa kamba za kupimia kina. Ni kamba za kawaida, jiwe mwishoni, na kitambaa kimefungwa kila nusu mita. Nikawaweka watoto katika vikundi vinne, viwili kulia, viwili kushoto, nikabandika karatasi kubwa mezani. Kila wakitupa kamba wananisomea, nami naweka nukta. Pakiwa na kina, nukta ya buluu. Pakiwa pafupi, nyekundu. Nusu mita. Mita mbili. Mita mbili na nusu. Nusu mita tena, hapa hapa karibu. Shemeji akapita kona, akageuza, akapita tena, kila mara anamwambia Bibi, tunapinda kushoto, Mama, sasa kulia.

Karatasi ilipojaa nukta nikamwita aliyekuwa anaigiza shingo, nikampa penseli, nikamwambia aunganishe za buluu. Akaunganisha. Mstari ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukaenda kushoto. Nikawauliza: mtu ambaye hajaonja hata tone, hana injini, ana mti tu mkononi, na chombo kimejaa watu na mbuzi, apite wapi hapa? Yule mtoto akaupitisha mkono juu ya mstari wake mwenyewe, huku na huku, na katikati ya njia mkono ukasita. Hakuna aliyecheka.

Hapo nikachukua kipaza.

"Miaka kumi na miwili nimesimama hapa nikiwaambia watoto kwamba mwenye kivuko alikuwa amelewa," nikasema. "Sikuona. Baba yangu aliona chombo kinayumba, akadhani ni ulevi, na mimi nikaichukua dhana yake nikaifundisha kama kitu kilichoonekana. Nilimcheka mtu aliyekufa yuko kazini. Nikamcheka na mtoto wake, na kitukuu wake, ambao wote wamekaa pale nyuma. Mwenzenu aliona kwa safari moja kitu ambacho mimi sikukiona kwa miaka yote, akakiandika vizuri, nami nikampa tano kwa kumi. Makosa yalikuwa yangu. Naomba radhi kwao, na kwake yeye, hapa hapa nilipomtukania."

Sauti yangu ilikwenda mpaka ukingoni ikarudi. Mtoto mmoja akanyoosha kidole, akauliza kama kwa hiyo yule mzee hakuwa amelewa kweli. Ilinijia kusema ndiyo, kabisa, hakuwa, ili jambo liishe vizuri. Nikajizuia. Nikamwambia kwamba hakuna aliye hai anayejua yule mzee alikunywa nini asubuhi ile, na mimi sitasema tena nisichokijua. Tunachojua ni kwamba njia ilikuwa imepinda, kwamba mvua zilikuwa zimehamisha mchanga, na kwamba mkewe, aliyekuwemo ndani, alisema mumewe alikuwa anatafuta mkondo. Huyo alikuwa shahidi, nikasema, na watu hawakutaka kumsikiliza. Watoto wakainama wakaandika. Nilimwona yule wa shingo anafuta kitu kwa kifutio, anaandika upya.

Bibi akasimama. Akamgusa shemeji begani, akamuuliza kama anaweza kuizima ile mashine. Pale si mahali pa kuzima injini, mtu yeyote wa mto anajua, lakini shemeji aliizima. Akachukua mti mrefu, akauchomeka mchangani, akaushikilia kwa uzito wake wote ili tusiburuzwe. Kukawa kimya. Sijawahi kuisikia kona ile bila injini, maji yanapita chini ya mbao, matete yanasuguana. Bibi akaenda ubavuni mwa boti, akapiga magoti taratibu, Kalamu amemshika kiunoni kwa mikono miwili. Akatumbukiza mkono majini mpaka kwenye kifundo.

"Shikamoo, baba," akasema.

Akasubiri kidogo, kama mtu anavyosubiri kuitikiwa. Shemeji alikuwa anabubujikwa na machozi, mikono yake iko kwenye mti na hawezi kuyafuta. Kisha Bibi akautoa mkono, akaukausha kwa gauni lake, akamwambia Madamu kwamba Jumatatu mtoto atakuwa darasani. Mimi akaniambia niendelee na kazi, watoto wasichelewe masomo.

Nikainua kipaza, nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Shemeji akawasha injini, akanikodolea macho nimwambie twende au tukae, nami nimesimama tu kama mlingoti. Kalamu ndiye aliyeinuka. Aliichukua kamba iliyokuwa karibu naye, akaitupa upande wa kulia, akasubiri jiwe likae chini, akahesabu vitambaa.

"Mita mbili na nusu," akamwambia shemeji. "Hapa unaweza kupita."